Sura ya Tano: Wimbo na Jina Lake

Kutumiana nyimbo kwa njia ya mitandao ya kijamii huonekana kuwa jambo jipya kwa sababu vyombo vyake ni vipya, lakini katika ukanda wa shaba wa Lualaba, kuanzia migodi ya Kolwezi hadi Musumba, makao makuu ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, katika eneo la Kapanga, jambo hilo limejengwa juu ya desturi za zamani za kupeleka sauti mahali ambapo mwenye sauti hayupo. Sura hii inafuatilia desturi hizo hatua kwa hatua, tangu ngoma ya gogo hadi simu ya mkononi, na inashikilia hoja moja, kwamba vyombo vya awali vilivyosafirisha muziki katika nchi hii vilisafirisha pia jina la mwenye sauti, ilhali chombo cha sasa, ambacho kwa kasi kinavipita vyote, huliangusha jina hilo njiani kwa urahisi mkubwa. Kwa watu waliozoea kumtambua mtu kwa jina alilorithi na kwa ukoo ambao jina hilo linaubeba, hasara hiyo si ndogo hata kidogo.

Neno «kutumiana» hapa linajumlisha vitendo vitatu ambavyo ni vizuri vitenganishwe tangu mwanzo. Kitendo cha kwanza ni kumtumia mtu mmoja au kundi dogo faili ya wimbo, kama inavyofanyika kila siku katika makundi ya WhatsApp ya familia, ya kanisa na ya watu waliotoka kijiji kimoja. Cha pili ni kuweka kipande cha wimbo katika hali, yaani lile dirisha ambalo marafiki wote wa mtu hulitazama kwa saa 24 kabla halijafutika. Cha tatu ni kupakia wimbo hadharani, katika YouTube, Facebook au TikTok, ambako mtu yeyote duniani anaweza kuusikia na kuuchukua. Vitendo vyote vitatu humfikisha mwimbaji kwa wasikilizaji asiowajua, na katika kila kimoja jina lake hupotea kwa namna tofauti.

Nchi ya majina yanayorithiwa

Jimbo la Lualaba, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lilizaliwa mwaka 2015, Katanga ya zamani ilipogawanywa kuwa majimbo manne, na Kolwezi, mji ulioanzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya magharibi ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, ukawa mji mkuu wake. Ndani ya jimbo hilo moja kuna dunia mbili zinazotegemeana. Upande mmoja iko miji ya shaba na kobalti, ambamo watu wa makabila mengi walikusanywa na kazi na wakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya kambi, ya soko na ya nyimbo za mjini, na upande wa pili ziko nchi za Sandoa, Dilolo na Kapanga, ambako Kiruund, lugha ya Walunda wa Mwant Yav, pamoja na Kichokwe na lugha nyingine za jirani, bado ndizo lugha za nyumbani. Kati ya Kolwezi na Musumba kuna mamia ya kilomita ambazo wakati wa masika huwa safari ya siku nyingi, na kwa sababu hiyo sauti imekuwa ikitangulia miguu kwa muda mrefu.

Ili thamani ya jina katika nchi hii ieleweke, ni lazima kwanza utaratibu wa urithi wa Walunda uelezwe kwa ufupi. Wanahistoria, miongoni mwao Jan Vansina katika kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu falme za mbuga za kusini mwa msitu wa Kongo, wameonyesha kwamba katika dola ya Walunda anayerithi cheo hurithi pia jina la mtangulizi wake pamoja na undugu wote wa mtangulizi huyo. Mtemi ambaye mwanzilishi wa cheo chake alikuwa mtoto wa Mwant Yav hubaki mtoto wa Mwant Yav hata kama kichwa chake kina mvi nyingi kuliko cha mfalme aliyeko, na vivyo hivyo mpwa hubaki mpwa na kaka hubaki kaka, kizazi baada ya kizazi. Utaratibu huo, ambao unaweza kuitwa undugu wa kudumu, ndio uliowezesha watu walioenea hadi Angola na hadi bonde la Luapula nchini Zambia kuendelea kuhesabiana kuwa ndugu ingawa hawakuwahi kuonana. Kwa mantiki hiyo jina ni kamba inayomfunga mtu na wenzake, na mtu aliyepotezewa jina amekatiwa kamba hiyo.

Ngoma iliyotaja mtu kabla ya habari

Chombo cha kwanza kilichosafirisha sauti kwa mbali katika mabonde ya Kongo kilikuwa ngoma ya gogo, yaani kipande cha mti kilichochimbwa ndani kupitia ufa mwembamba bila kuwambwa ngozi, ambacho Walunda na Wachokwe wanacho katika maumbo mawili mashuhuri: chinguvu, iliyo pana chini na nyembamba juu palipo na ufa, na mondo, iliyo ya mviringo. Kingo mbili za ufa huchongwa kwa unene tofauti, hivyo ukingo mmoja hutoa sauti ya juu na wa pili sauti ya chini, na kwa kuwa lugha nyingi za Kongo hutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, mpigaji hodari huweza kuigiza usemi wenyewe. Tatizo ni kwamba maneno mengi yana mpando na mshuko unaofanana, na ili msikilizaji asichanganyikiwe, wapigaji walibuni mafungu marefu ya maneno yaliyokaririwa, ambayo kila moja lilisimama mahali pa neno moja fupi.

Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyeishi Yakusu karibu na mji unaoitwa leo Kisangani na kuandika mwaka 1949 kitabu kuhusu ngoma zinazosema, aligundua kwamba katika eneo hilo kila mtu mzima alikuwa na jina la ngoma, ambalo lilitaja jina lake na kisha la baba yake, na kwamba ujumbe haukuanza bila ya jina la anayeitwa kupigwa. Huko Luapula, katika jumba la Mwata Kazembe, ambaye ukoo wake unafuatwa nyuma hadi Musumba, majina ya sifa ya wafalme yalipigwa kwenye mondo, na Jacques Chiwale aliyakusanya majina hayo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1962. Jambo la kuzingatia ni mpangilio wa ujumbe wenyewe: jina lilitangulia na habari ikafuata, kwa sababu habari isiyojulikana inamhusu nani ilihesabiwa kuwa kelele tu.

Bunkeya, Jadotville na karatasi ya duara

Mwaka 1930, katika mji wa Bunkeya, uliokuwa makao ya mfalme Msiri na Wayeke wake na ambao leo uko katika eneo la Lubudi jimboni Lualaba, alizaliwa Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa ambaye baadaye, wakati serikali ya Mobutu ilipowaamuru raia kuacha majina ya Kizungu, alijulikana kama Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyekuwa akizunguka kusini na katikati ya Afrika na mashine ya kurekodi, alimkuta Mwenda huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, akapokea kutoka kwake nyimbo kadhaa za Kiswahili cha Katanga, ukiwemo «Masanga», ambao umewashughulisha wapiga gitaa wa nchi nyingi tangu wakati huo. Mwenda alipiga gitaa kavu, yaani gitaa lisilotumia umeme, kwa kidole gumba na kidole cha shahada peke yake, gumba likishika nyuzi nzito na shahada ikisuka nyuzi nyembamba, kiasi kwamba anayesikia santuri bila kuelezwa hudhani kwamba watu wawili wanapiga kwa pamoja.

Kilichoifanya sauti hiyo isafiri ni santuri za mizunguko 78 kwa dakika zilizotolewa na Gallotone ya Afrika Kusini, na katikati ya kila santuri palikuwa na karatasi ya duara iliyochapishwa jina la wimbo na jina la mwimbaji. Tracey mwenyewe aliongeza jambo lililo kubwa zaidi kuliko karatasi hiyo, kwa kuwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954 aliandalia kila rekodi kadi yenye jina la mpigaji, kabila, lugha, mahali, tarehe na aina ya ala. Redio nazo zilitaja majina. Upande wa pili wa mpaka, katika Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, redio ya betri iliyoundwa kwa umbo la sufuria na kuanza kuuzwa mwaka 1949 ilileta matangazo ya Lusaka katika nyumba za wachimbaji, na mtangazaji aliyepiga santuri alisoma kilichoandikwa kwenye karatasi ya duara kabla au baada ya wimbo.

Matokeo ya majina hayo yanaweza kufuatiliwa kwa miaka. Mwaka 1959 Mwenda alikwenda Nairobi, ambako sauti yake ilikuwa imekwisha kumtangulia, na uchezaji wake ukaathiri wapiga gitaa wa Kenya waliomjua kwa jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu David Rycroft aliandika noti za vipande vyake katika jarida la muziki wa Afrika, na mwaka 1982 mpiga gitaa John Low alichapisha shajara ya safari aliyoifanya hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kuwatafuta Mwenda, Edouard Masengo, Losta Abelo na wenzao waliosikika katika santuri za miaka ya 1950 na 1960. Mgeni aliyetoka mbali aliweza kufika katika mji wa shaba na kumuuliza mpita njia habari za mtu fulani kwa sababu jina la mtu huyo lilikuwa limeandikwa mahali.

Ni haki kukiri kwamba jina peke yake halikumlisha msanii. Solomon Linda wa Afrika Kusini, aliyerekodi «Mbube» mwaka 1939, aliachia haki zake kwa shilingi 10 na akafa maskini mwaka 1962 huku wimbo wake ukiwatajirisha wengine ng'ambo. Hata hivyo, mwaka 2006 mabinti zake walipopata mapatano ya malipo, msingi wa dai lao ulikuwa kwamba ilijulikana pasipo shaka ni nani aliyeuimba wimbo huo kwanza. Jina si malipo, lakini mahali pasipo na jina hapana hata mtu wa kudai malipo.

Kaseti, kadi na mega

Mwaka 1967 migodi ya Union Minière ilitwaliwa na serikali na kuwa mali ya kampuni ya taifa ambayo baadaye iliitwa Gécamines, na kwa miaka mingi kampuni hiyo ilikuwa kwa wafanyakazi wake mwajiri, mwenye nyumba, hospitali, shule na mlezi wa vilabu vya michezo na burudani. Katika miaka hiyohiyo kaseti ilienea, na kwa mara ya kwanza msikilizaji wa kawaida akaweza kunakili wimbo nyumbani bila kiwanda. Nakala ya kaseti iliandikwa jina kwa kalamu, na mara nyingi aliyenakili aliandika kile tu alichokijua, yaani jina la bendi bila ya wimbo, au neno moja kama «dini» au «rumba». Hapo ndipo upotevu wa jina ulipoanza, ingawa ulikwenda polepole kwa sababu kunakili kaseti moja kulichukua muda sawa na kuisikiliza.

Mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ulipoporomoka mwezi Septemba 1990 na uzalishaji wa Gécamines ukaanguka katika miaka iliyofuata, mlezi mkuu wa burudani za mjini alidhoofika, na muziki wa Kolwezi ukalazimika kujitegemea kwa vifaa vidogo. Kompyuta moja katika chumba kimoja ikawa studio, na simu, ambayo mitandao ya simu za mkononi iliieneza nchini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikawa redio, kinanda na duka la muziki kwa wakati mmoja. Nyimbo zikahamishwa kwa kadi ya kumbukumbu, kile kipande kidogo kuliko ukucha ambacho hubeba mamia ya nyimbo, na kwa Bluetooth, yaani mawasiliano ya simu mbili zilizokaribiana yasiyohitaji mtandao wala gharama yoyote.

Gharama ndiyo inayoeleza kwa nini watu wa Lualaba wanatumiana faili zaidi ya kusikiliza moja kwa moja kutoka mtandaoni. Kifurushi cha intaneti huitwa kwa neno moja, «mega», kutokana na kipimo cha megabaiti, na mega hununuliwa kwa kiasi kidogo kidogo kulingana na kilichomo mfukoni siku hiyo. Wimbo wa dakika nne uliobanwa kwa kiwango cha kawaida cha kilobiti 128 kwa sekunde una uzito wa karibu megabaiti 4, ambazo mtu akizilipia mara moja na kuihifadhi faili anaweza kuusikiliza wimbo huo mara mia, ilhali anayeusikiliza kutoka mtandaoni huenda akazilipia tena kila mara. Kwa hiyo mmoja hupakua, kisha humgawia mwenzake kwa Bluetooth, naye humpelekea wa tatu. Njia hizo zina nguvu ambayo mtandao hauna: serikali ilipokata intaneti nchini kote tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, na kuirudisha takriban siku 20 baadaye, kadi na Bluetooth hazikuhitaji ruhusa ya mtu yeyote.

WhatsApp, iliyoanzishwa mwaka 2009, iliunganisha tabia hiyo ya mkono kwa mkono na umbali wa ngoma. Mtu wa Kapanga anayefanya kazi Kolwezi, ndugu yake aliyeko Lubumbashi na binti yao anayesoma Ubelgiji wanaweza kuwa katika kundi moja, na kwaya ya Kimethodisti iliyorekodiwa kwa simu mchana inaweza kusikika katika nchi tatu kabla jua halijatua. Kampuni yenyewe iliona kasi hiyo ikizidi kipimo, na mwaka 2019 ikaweka kikomo cha kupeleka ujumbe mbele kwa mazungumzo matano kwa mara moja duniani kote, kisha mwaka 2020 ikakipunguza hadi mazungumzo ya mtu au kundi moja kwa ujumbe uliokwisha kupelekwa mara nyingi, lengo likiwa kupunguza uvumi. Nyimbo ziliguswa na kikomo hicho pia, lakini hazikuzuiwa, kwa sababu anayeupenda wimbo huutuma tena na tena kwa subira.

Faili isiyo na jina

Simu nyingi za Android zinapopokea wimbo kwa WhatsApp huuhifadhi kwa jina la mfano huu: AUD-20230714-WA0012. Herufi tatu za mwanzo husema kwamba faili ni sauti, tarakimu nane zinazofuata ni mwaka, mwezi na siku ya kupokelewa, herufi mbili hutaja WhatsApp, na tarakimu za mwisho ni nambari ya mfululizo ya mafaili ya siku ile. Kila kilichotajwa katika jina hilo kinaihusu simu, na hakuna hata herufi moja inayomhusu aliyeimba. Faili hiyo ikitumwa kwa mtu mwingine siku nyingine hupewa tarehe nyingine na nambari nyingine, hivyo hata jina hilo la bandia halidumu. Ni kweli kwamba faili ya muziki inaweza kuwa na lebo ya ndani, yaani maandishi mafupi yaliyofichwa ndani ya faili yenye jina la msanii na la wimbo, lakini rekodi iliyochukuliwa kwa simu kanisani au kwenye matanga haina lebo hiyo, na nyimbo nyingi zilizopakuliwa kutoka tovuti za bure zimebandikwa lebo yenye anwani ya tovuti mahali pa jina la msanii.

Kadi ya Tracey na faili ya AUD zikiwekwa mezani pamoja, tofauti yake inaonekana bila maelezo mengi. Kadi iliyoandikwa kwa mkono wa mtu aliyesafiri na mashine nzito juu ya gari ilibeba jina, lugha, mahali, tarehe na ala. Faili, inayozaliwa ndani ya chombo chenye uwezo mkubwa wa kuhesabu kuliko ofisi zote za wakati ule, hubeba tarehe ya kupokelewa peke yake. Teknolojia ilikua, lakini kazi ya kuandika jina ilikosa mwenyewe, kwa kuwa msanii aliiachia simu, nayo simu haikuumbwa kuijua.

TikTok hulipoteza jina kwa njia nyingine. Mtu anapopakia video yenye muziki ambao mtandao hauutambui, sauti hiyo hupewa anwani ya «sauti asilia» ikifuatiwa na jina la mpakiaji, na wote watakaoitumia baadaye kuchezea dansi huona jina la mpakiaji kana kwamba yeye ndiye chanzo. Hapa jina halijakosekana, bali limekaliwa na mtu mwingine. Nyimbo zilizotoka kwa wasanii wenye wasimamizi huepuka hatari hiyo kwa kusajiliwa mapema: «Yope» ya Innoss'B wa Goma, iliyoimbwa upya na Diamond Platnumz wa Tanzania mwaka 2019, ilichezwa katika video za watu wa nchi nyingi jina la mwimbaji likiwa limeshikamana nayo, na «Tia» ya RJ Kanierra wa Lubumbashi ilivuka mipaka mwaka 2023 kwa njia hiyohiyo. Anayebaki nje ni mpiga karindula wa mtaani, mpiga kisanji (ala ya vibao vya chuma ipigwayo kwa vidole gumba) wa kijijini na mwanakwaya, ambao hawana msimamizi wala usajili.

Madhara kwa watu hao yana jina linalosikika kuwa la heshima: «wimbo wa asili». Wimbo wa Kiruund au wa Kichokwe unaofika Kolwezi bila jina huitwa wa asili, yaani wa watu wote na kwa hiyo wa mtu yeyote, hata kama aliyeutunga yuko hai na anaukumbuka msiba au harusi iliyomfanya autunge. Karindula yenyewe inathibitisha kwamba hali hiyo si lazima. Ala hiyo ya Katanga, banjo kubwa iliyotengenezwa kwa pipa lililowambwa ngozi ya mbuzi na kutiwa nyuzi nne, ilirekodiwa Lubumbashi na kutolewa mwaka 2011 na kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji, na kila kundi lililopiga, kama BBK na Bena Ngoma, liliandikwa kwa jina lake.

Kutafuta mwenye wimbo baada ya jina kupotea kunawezekana, lakini ni kazi ngumu. Mmarekani Christopher Kirkley, aliyekusanya nyimbo kutoka kadi za simu kaskazini mwa Mali na kuzitoa mwaka 2011, alilazimika kuwasaka waimbaji mmoja mmoja ili wapate mgawo wao, na mmoja wao, Mdou Moctar, alipatikana nchi jirani ya Niger, huku wimbo uliomtambulisha ukiwa umerekodiwa Sokoto nchini Nigeria. Moctar leo ni mwanamuziki anayejulikana duniani kwa sababu mtu mmoja alikataa kuridhika na faili isiyo na jina. Kwa kila Moctar aliyepatikana wapo wengine ambao hakuna aliyewatafuta.

Majina yaliyo ndani ya wimbo

Wasanii wa Kongo wanayo tayari mbinu ambayo simu haiwezi kuifuta, nayo ni kutia jina ndani ya sauti yenyewe. Desturi inayoitwa kwa Kilingala «libanga», neno lenye maana ya jiwe, ni ya kumtaja katikati ya wimbo mfadhili au rafiki aliyetoa fedha, na Bob White ameieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu muziki wa Kinshasa. Wengi huilaumu desturi hiyo kwa sababu imejaza nyimbo orodha za wenye mali, na lawama hiyo ina ukweli. Lakini mtu akiisikiliza kwa makini ataona somo ndani yake: wimbo ukipitia simu elfu moja, jina la mfadhili bado lipo, ilhali la mwimbaji limefutika katika simu ya kwanza.

Waimbaji wa gitaa kavu wa miaka ya 1950 walilijua jambo hilo, kwani mara nyingi walijitaja wenyewe ndani ya ubeti, na wasanii wa bongo fleva wa Tanzania hutamka jina lao au la mtayarishaji katika sekunde za mwanzo. Kwaya ya Musumba au kikundi cha karindula cha mtaa wa Manika mjini Kolwezi kinachorekodi kwa simu kinaweza kufanya vivyo hivyo kwa sekunde tano tu: mmoja wao atamke jina la kikundi, la mtunzi na la mahali kabla ya ala kuanza. Huo ndio mpangilio wa ngoma ya gogo ukirudi, jina kwanza na habari baadaye.

Sheria iliyopo

Sheria haiko kinyume na wasanii. Amri-sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 kuhusu haki za watunzi nchini Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, inalinda haki za aina mbili: haki ya mali, yaani kulipwa kazi inapotumika, na haki ya kimaadili, yaani kutambuliwa kuwa mwenye kazi na kuzuia isiharibiwe. Mkataba wa kimataifa wa Berne nao, tangu uliporekebishwa Roma mwaka 1928, unamhakikishia mtunzi haki ya kutambuliwa hata baada ya kuuza haki zake za mali. Kazi ya kukusanya malipo ilifanywa kwanza na shirika la SONECA, lililoundwa mwaka 1969, na tangu mwaka 2011 inafanywa na SOCODA.

Hata hivyo, shirika lolote la kukusanya malipo hufanya kazi kwa orodha, na orodha huundwa kwa majina. Mashine za kutambua nyimbo, kama ile ambayo YouTube imekuwa ikiitumia tangu mwaka 2007, hulinganisha kila video na nyimbo zilizosajiliwa na kumgawia mwenye usajili sehemu ya mapato, na wimbo usiosajiliwa hupita mbele yake kama hewa. Vilevile, UNESCO ilipoiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwezi Desemba 2021, mtindo mzima uliheshimiwa, na heshima hiyo ilistahili, lakini urithi wa wote haujibu swali la nani alitunga wimbo huu mmoja. Watu wa Lualaba wana sababu ya kulielewa swali hilo kuliko wengi, kwa kuwa katika biashara ya kobalti, ambayo nchi yao hutoa zaidi ya nusu ya yote inayochimbwa duniani, wanunuzi wa nje wamekuwa wakidai kujua kila gunia limetoka katika shimo gani. Kama gunia la mawe linafaa kuulizwa asili yake, sauti ya mtu inafaa zaidi.

Uzito wa mistari mitano

Mzigo wa kulirudisha jina unaweza kubebwa na kila anayetuma. Mtu anayepeleka wimbo mbele anaweza kuandika chini yake mistari mitano mifupi: jina la mwimbaji au kikundi, jina la wimbo, lugha, mahali uliporekodiwa, na mwaka. Mistari hiyo yote, ikiwa na herufi kama 150, haina uzito wa hata sehemu moja ya mia ya sekunde moja ya wimbo wenyewe, hivyo anayebana matumizi ya mega hatapungukiwa na kitu. Asiyelijua jina anaweza kuandika kwamba halijui na kuuliza, kwa sababu kundi lenye watu 200 kutoka Kapanga, Sandoa na Dilolo mara nyingi lina mtu mmoja aliyekuwepo siku wimbo huo ulipoimbwa. Viongozi wa kwaya, walimu na watangazaji wa redio za jimbo wanaweza kulifanya jambo hilo kuwa mazoea, kama watangazaji wa zamani walivyosoma karatasi ya duara.

Mwenda wa Bayeke alifariki katika ajali ya gari mwaka 1990, kabla simu za mkononi hazijaenea Katanga, na hakuwahi kuituma sauti yake kwa mtu yeyote kwa kubonyeza kitufe. Leo kijana wa Bunkeya anayeandika jina la Mwenda katika simu hupata nyimbo za 1952 kwa dakika moja, husikia gumba na shahada vikifanya kazi ya watu wawili, na anaweza kujifunza. Mpiga kisanji anayerekodiwa wiki hii Musumba ana simu, ana kundi, na ana wasikilizaji. Ili kijana atakayezaliwa miaka 70 kutoka sasa aweze kumtafuta, linahitajika neno moja ambalo kijana huyo ataliandika, na neno hilo ni lazima aliyetuma wimbo aliandike leo.